Swali Mbele ya Batamzinga

"Saa kumi?" baba yake aliuliza kwa mara ya nne, huku akifunga kifungo cha juu cha koti lake. "Saa kumi alasiri watu wanakula nini? Cha mchana kimeshapita, cha usiku hakijafika. Huyo bwana anataka tule katikati ya nini?"

"Katikati ya Alhamisi, Baba," Apolline alijibu. "Kwao Marekani leo ni Sikukuu ya Shukrani."

"Kwetu leo ni siku ya kazi."

"Fernand, umeshafunga koti, sasa funga na mdomo," alisema mama yake, Josiane. Akatazama saa. "Bado dakika sita."

Walikuwa wamesimama chini ya ngazi za nyumba ya mwuza dawa, pale Arbois, mji mdogo wa Jura, Ufaransa, wakisubiri kuchelewa. Josiane alikuwa na msimamo wake: mgeni mwenye adabu humwachia mwenyeji robo saa ya kupumua. Ukungu wa Novemba ulikuwa umepanda kutoka mtoni ukajaa uchochoro mzima, hata taa ya duka la dawa ikawa inaelea peke yake hewani. Juu yao mbao za sakafu zililia. Hatua zilitoka mlangoni mpaka dirishani, zikarudi. Apolline alizijua hatua zile. Angezitambua hata katika kanisa lililojaa watu.

Emmett Halvorsen alikuwa amekuja mwezi Machi kutoka Minnesota, Marekani, kutengeneza kinanda kikubwa cha kanisa la mji, akapanga juu ya duka la dawa. Wiki ya pili alifika ghalani kwa baba yake kununua jibini. Akamkuta Fernand anagonga jibini kubwa za duara kama magurudumu kwa nyundo ndogo na kutega sikio, maana jibini ikiwa na ufa ndani, sauti yake husema. Emmett alisimama palepale na kofia mkononi, akasikiliza pamoja naye nusu saa nzima bila kusema neno. Kisha akasema, "Mimi na mabomba ya kinanda hufanya hivihivi." Apolline alikuwa juu ya ngazi anapanga rafu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakuwa amewahi kumwona mwanamume akisikiliza kwa namna ile.

Mwezi Aprili Emmett alimbusu darajani. Tangu siku hiyo mji wote ulijua, na wazazi wake walijua kama mji ulivyojua. Ila hawakuwa wamekaa naye meza moja hata siku moja. Baba yake ndiye aliyekuwa kikwazo. "Mgeni kazi yake ni kuondoka," alikuwa akisema. "Akiondoka peke yake, utalia. Akiondoka na wewe, nitalia mimi. Sioni faida iko wapi."

"Haya," Josiane alisema. "Twende."

Emmett alifungua mlango kabla hawajagonga. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Nilidhani hamji," alisema.

"Kwa nini tusije?" Josiane alishangaa. "Si ulituita?"

Akamnyooshea shavu. Emmett naye alikuwa amefungua mikono miwili kumkumbatia. Wakagongana, miwani ya Josiane ikapanda mpaka kwenye paji la uso. Kwao Emmett watu hukumbatiana kifua kwa kifua hata siku ya kwanza, lakini busu la shavuni huwatia haya. Kwa Josiane shavu lilikuwa la kila mtu, kifua kilikuwa cha Fernand.

"Karibuni, karibuni! Ngoja niwaonyeshe nyumba."

Akawazungusha. Jiko, bafu, kabati la mataulo, na mwisho akafungua mlango wa chumba cha kulala, akasimama kando kwa furaha kama mtu anayeonyesha bustani.

"Anatuonyesha kitanda," Josiane alimnong'oneza bintiye. "Kwa nini anatuonyesha kitanda?"

"Kwao ni heshima, Mama. Maana yake hafichi kitu."

"Basi angeficha kidogo."

Fernand alikuwa anakagua dari kwa makini makubwa.

Sebuleni mambo yakazidi. Kwenye kimeza kidogo kulikuwa na sahani, na kwenye sahani vipande vya jibini vilivyokatwa pembe nne, vidogo kama dadu, kila kimoja kimechomwa kijiti. Fernand aliinama. Akakiinua kimoja, akakinusa, akamgeukia binti yake.

"Hii ni yangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Ile ya miezi ishirini na minne?"

"Ndiyo, Baba."

"Imekatwa hivi? Kabla ya chakula?"

"Naipenda sana jibini hii!" Emmett alisema kwa Kifaransa chake cha kukokota, uso uking'aa. "Naipenda mno."

Fernand alitafuna taratibu, macho yamemwiva kwa huzuni, kama mtu aliye msibani.

Walikaa mezani giza likianza kuingia. Emmett alikuwa amewasha mishumaa. Katikati alilala batamzinga mzima, mkubwa kuliko wote walioonekana Arbois kabla ya Krismasi. Emmett alikuwa amembembeleza mwuza nyama wiki mbili ili ampate. Vyakula vyote vilikuwa mezani kwa mpigo: viazi vya kuponda, viazi vitamu vyenye sukari, matunda mekundu makali yaliyopikwa kama jamu, na pai ya boga. Josiane alitafuta pa kuanzia, akakosa.

"Hili boga ni supu iliyogandishwa?" Fernand aliuliza chini chini.

"Ni kitindamlo, Baba."

"Boga?"

"Bwana Emmett," Josiane alidakia, maana alikuwa amemtazama kwa muda, "samahani nikuulize. Mkono wako wa kushoto umepotelea wapi?"

Emmett alishtuka. Mkono wa kulia ulikuwa na uma tayari. Wa kushoto ulikuwa chini ya meza, kama alivyofundishwa na mama yake. Kwa Josiane, mtu aliyelelewa huweka mikono yote miwili juu ya meza ionekane.

"Uko juu ya paja, mama."

"Paja la nani?"

Fernand alipaliwa na divai. Emmett aliunyanyua mkono haraka, akauweka mezani kama anayekabidhi silaha, na wote wanne wakacheka, hata Fernand, ingawa alijitahidi kukohoa juu ya kicheko chake. Apolline alimtazama Emmett kupitia mishumaa. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nywele zake, ambazo alikuwa amezilaza kwa maji, zimeanza kusimama moja moja. Moyo wa Apolline ukayeyuka. Yatawezekana, aliwaza. Mpaka tufike kwenye pai, Baba atakuwa amempokea.

"Kwetu," Emmett alisema, "kabla ya kula, kila mtu hutaja kitu anachokishukuru. Kwa sauti."

"Mbele ya watu?" Fernand aliuliza.

"Mbele ya wote."

Fernand aligeuza glasi yake mara mbili. "Namshukuru mpishi," akasema, akarudi kwenye divai.

"Mimi nashukuru miwani yangu haikuvunjika," alisema Josiane.

Apolline alifungua kinywa. Aliyokuwa nayo moyoni yalikuwa mengi mno. Baba yake alikuwa pale, mama yake alikuwa pale. "Nashukuru mmekuja," alisema, akainamisha macho.

Emmett akasimama. Aliikunja leso yake mara mbili, akaikunjua.

"Mimi ninamshukuru Apolline," alisema. "Tangu Aprili kila siku njema niliyoipata, yeye yumo ndani yake. Na leo, kwa kuwa ni sikukuu, nimejipa moyo kumwuliza mbele ya wazazi wake." Akamgeukia. "Apolline, utakubali kuwa mpenzi wangu? Wangu peke yangu?"

Mshumaa mmoja ulitoa cheche.

"Kwani alikuwa wa nani?" Fernand aliuliza.

Apolline alihisi damu ikimpanda usoni, kisha ikamshuka yote mpaka miguuni. Miezi saba. Jumamosi zote zile. Mikono yake yenye ubaridi ndani ya mifuko ya koti la Emmett, kichwa chake begani kwake pale kwenye ngazi za kanisa, kinanda kikijaribiwa sauti moja moja. Miezi saba alikuwa anatembea mjini akijua yeye ni wa nani. Kumbe mwenzake alikuwa hajaamua.

"Na mimi nilikuwa nani kwako?" aliuliza polepole. "Jana, kwa mfano. Jana jioni nilikuwa nani?"

"Apolline, mimi..."

"Hapana, niambie. Nilikuwa mtu wa kujaribiwa?"

Alisukuma kiti. Alichukua koti na skafu, akashuka ngazi bila kujua anakanyaga wapi. Nyuma yake alimsikia mama yake akisema, "Wewe bwana, umesimama unangoja nini? Mfuate!"

Emmett alimkuta darajani. Chini yao mto Cuisance ulianguka juu ya mawe, mweupe gizani, na ukungu ukapanda ukawazunguka mpaka nyumba zote zikatoweka, zikabaki madirisha tu, ya manjano, yanaelea. Hewa ilinukia moshi wa kuni na zabibu zilizokamuliwa. Emmett alikuwa na shati tu.

"Nimekosea nini?" aliuliza, akihema.

"Ulinibusu hapa. Hapa hapa. Ulidhani ni nini?"

"Busu."

"Busu tu?"

"Busu bora kuliko yote niliyowahi kupata. Lakini..." Alijisugua mikono. "Kwetu watu hutoka pamoja. Hula, hucheka, hubusiana. Na bado hakuna aliye wa mwenzake mpaka siku wakae chini waulizane. Kabla ya hapo mtu anaweza kutoka na wawili, hata watatu, na hakuna anayemwona mbaya."

"Watatu!"

"Sisemi mimi..."

"Na wewe ulikuwa nao wangapi?"

"Mmoja." Alimtazama. "Pengine nusu, maana sikujua kama ninaye."

Apolline aligeuza uso kwenye maji. Alitaka kuendelea kukasirika, lakini ile nusu ilimchoma mahali pabaya.

"Kwetu hatuulizani," alisema. "Mtu akikubusu darajani nawe usimsukume, basi imekwisha. Mko wawili. Hakuna kikao. Kuuliza baada ya hapo ni kama kumwambia mtu kwamba yote yaliyopita hayakuhesabiwa."

"Na mimi miezi saba nikidhani unaweza kuniacha siku yoyote, na nisiwe na haki ya kulalamika." Alicheka kidogo, bila furaha. "Kila Jumamosi napanda kwenu roho juu. Nikifika nakutazama kwanza usoni, nijue kama leo ndiyo mwisho."

Apolline alidhani ni macho ya mapenzi tu. Kumbe kila Jumamosi mtu huyu alikuwa anakuja kwake kama siku ya kwanza, na hofu ya siku ya kwanza.

"Ungeuliza Mei."

"Mei nilisema. Kule juu kwenye mizabibu. Nilikwambia nakupenda. Ukacheka."

"Nilicheka kwa sababu asubuhi ile ulikuwa umeshaipenda siagi! Uliipenda siagi, ukampenda mbwa wa mwuza mikate, ukazipenda soksi za sokoni. Wewe hupenda kila kitu, Emmett. Nilidhani na mimi nimewekwa hapo, kati ya mbwa na soksi."

Emmett akacheka kweli, na Apolline naye akacheka, akajifuta jicho kwa mkono wa koti. Lakini kicheko cha Emmett kilikatika kabla ya chake.

"Kuna jambo," alisema. "Nilitaka kulisema leo baada ya wewe kunijibu. Nina tiketi. Tarehe ishirini na mbili Desemba."

Maji yalizidi kupiga kelele, au kilikuwa kichwa cha Apolline.

"Tiketi ya kwenda na kurudi?"

"Ya kwenda."

"Tangu lini?"

"Oktoba. Kinanda kitakuwa kimekwisha. Karakana ya nyumbani waliniuliza, nikasema narudi. Sikuwa na sababu ya kuwaambia nabaki. Sababu yenyewe haikuwahi kusema kitu."

"Haikusema? Ilikuwa inakupa jibini kila Jumamosi!"

"Nilidhani ni ukarimu."

"Hapa Jura? Emmett, hapa hakuna mtu anayetoa jibini ya miezi ishirini na minne kwa ukarimu!"

Apolline alishika ukingo wa daraja. Jiwe lilikuwa la baridi na lenye unyevu. Nyumbani kwao mapenzi yalifanywa, hayakusemwa. Miaka thelathini na moja baba yake alikuwa anashuka asubuhi za theluji kuliwasha gari la mama yake lipate joto, na Apolline hakuwa amewahi kumsikia akilitamka lile neno. Hayo yalikuwa yamewatosha. Apolline alikulia ndani ya kimya kile, kikamtosha na yeye. Lakini mtu aliyesimama mbele yake, midomo imeanza kuwa ya bluu, alikuwa anatoka mahali ambapo kisichosemwa hakipo. Tarehe ishirini na mbili angepanda ndege akiamini kwamba hakuna aliyemtaka.

Baba alikuwa sahihi, mgeni kazi yake ni kuondoka. Ila hakuna aliyewahi kumwambia mgeni huyu abaki.

"Nitasema mara moja," alisema, na sauti yake ikawa ngeni masikioni mwake. "Usinikatize. Nakupenda. Usiende. Sijui kulisema kwa mapambo. Nakutaka hapa Desemba, nakutaka Januari, nakutaka hata zile wiki za mvua za Machi ambazo hazitakiwi na mtu. Vinanda vibovu viko sita kati ya hapa na Besançon, ulinihesabia mwenyewe."

"Saba," Emmett alisema kwa sauti ndogo.

"Basi saba. Vitengeneze. Vikiisha tutavibomoa tena."

Emmett alimvuta kwake. Hakumbusu. Alimkumbatia kama wanavyokumbatiana kwao, kifua kwa kifua, mikono yote miwili, kwa muda mrefu sana. Apolline alisikia moyo wake ukigonga upande wa pili wa shati, ukigonga wazi, bila ufa wowote. Ukungu ulipita juu yao. Kwa kitambo hapakuwa na mji wala Marekani, wala tarehe yoyote.

"Natetemeka," Emmett alimwambia kwenye nywele, "lakini si kwa baridi tu. Sasa hivi lazima nimpigie mama."

"Sasa hivi?"

"Kule ni asubuhi. Wote wamekusanyika kwake leo, yuko jikoni. Ananitegemea Krismasi. Nisipomwambia sasa, nitaogopa."

Akatoa simu. Ililia mara mbili. Ikapasuka sauti ya mwanamke, na nyuma yake sufuria, watoto, mbwa, mtu anacheka.

"Mama. Ndiyo, na kwenu pia. Mama, sikiliza. Sitakuja Desemba." Akasikiliza. "Hapana, siumwi. Hapana, hawajanifukuza. Kuna mtu."

"Mtu gani?" Sauti ilisikika wazi mpaka kwa Apolline.

Emmett alimtazama. Midomo ilifunguka, ikabaki hivyo, na Apolline akaelewa: hata sasa hakutaka kumsemea.

"Mpe simu huyo mtu," ilisema sauti.

Kiingereza cha Apolline kilikuwa cha darasani, kizito kama viatu vipya. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Halo, Mama."

"Na wewe ni nani kwa mwanangu?"

Swali lile lile, kutoka ng'ambo ya bahari, bila salamu. Muda mfupi nyuma lilimfanya ashuke ngazi mbio. Kule juu, nyumbani kwa Emmett, dirisha moja lilikuwa limefunguliwa. Baba yake alikuwa ameegemea pale, anajifanya anatazama hali ya hewa. Apolline hakushusha sauti.

"Mimi ni mpenzi wake, Mama," alisema. "Tangu Aprili."

"Aprili!" Sufuria iliwekwa chini kwa kishindo. "Nyamazeni nyote! Nimesema nyamazeni!" Kelele zilikatika, ikabaki pumzi tu, karibu sana na sikio lake, ya mwanamke aliyesimama jikoni mbali huko na kusikia mwanawe harudi. Ilipanda, ikashuka. Apolline alingoja.

"Tangu Aprili," mama yule alirudia, safari hii taratibu. "Na yuko nje, si ndiyo? Namsikia. Ana sauti ya mafua. Bila shaka ametoka na shati."

"Ametoka na shati."

"Tangu utotoni yuko hivyo. Haoni baridi mpaka imwangushe. Haya, mwanangu. Yeye sasa ni wako. Mtunze."

Apolline aliibana simu kwa bega. Alifungua skafu yake shingoni, akamzungushia Emmett mara mbili, akaifunga kwa nguvu chini ya kidevu. Emmett alisimama kimya kama mtoto anayevalishwa, macho yamemjaa machozi, akimtazama.

"Nimeshamfunga skafu, Mama," alisema.